Somo juu ya Mgongo Ulioumia: Jinsi Mtu wa Chukudu na wa Baisikeli Anavyoweza Kurudi Njiani

Yeyote aliyekaa Mubambiro anaujua mlio wa magurudumu ya mbao juu ya barabara ya Sake na Goma. Chukudu hutengenezwa kwa mbao ngumu, na magurudumu yake huvikwa mpira wa gari uliochakaa. Haina pedali wala injini. Injini yake ni mgongo na miguu ya mtu. Makala, viazi, kabichi, mbao na magunia ya maharagwe kutoka milima ya Masisi hushuka mpaka sokoni kwa nguvu za watu hawa. Mjini Goma iko sanamu ya rangi ya dhahabu ya mtu anayesukuma chukudu, iliyosimamishwa mwaka 2009, ili watu wote wakumbuke kazi yake.

Lakini sanamu haiumwi mgongo. Mtu huumwa.

Basi tumfikirie baba mmoja, mwenye mke na watoto wanne. Anashuka kutoka Mushaki kuelekea Sake na magunia ya viazi. Katika kona breki inateleza. Anauzuia mzigo kwa nguvu zake zote huku kiuno kimepinda upande mmoja. Anasikia kitu kama kamba inayokatika ndani ya kiuno, akaanguka. Wenzake wanamleta nyumbani. Siku ya tatu bado hawezi kufunga viatu vyake.

Majirani wanafika kumpa pole, na kila mmoja ana shauri lake. Wa kwanza anasema, “Ndugu, lala mwezi mzima, usiinuke.” Wa pili anasema, “Mwite mtoto akukanyage mgongo, utalia kidogo, kisha utapona.” Wa tatu anasema, “Nunua tembe dukani, umeze mbili, urudi kazini kesho. Nani atalipa karo ya watoto?” Na chukudu imeegemea ukuta, na mdogo wake ameanza kuuliza kama anaweza kuikodisha.

Ni nani kati ya hao aliyesema vizuri? Hakuna hata mmoja. Somo hili litaonyesha njia iliyo bora, nayo inafaa pia kwa mwenye baisikeli, kwa mama anayebeba bidoni na kuni, na kwa mkulima wa jembe.

1. MGONGO UMEJENGWAJE

Uti wa mgongo si fimbo moja. Ni pingili 24 zilizopangwa moja juu ya nyingine: 7 shingoni, 12 nyuma ya kifua, na 5 kiunoni. Chini yake iko mifupa iliyoungana pamoja, inayokaa kati ya nyonga mbili. Katikati ya pingili na pingili kuna kitu kama mto mdogo, kigumu kwa nje na laini kwa ndani. Mito hiyo ndiyo inayotuwezesha kuinama, kugeuka, na kustahimili mishtuko ya njia mbaya. Nyuma ya pingili kuna tundu, na ndani yake hupita mishipa ya fahamu inayopeleka amri miguuni na kwenye kibofu cha mkojo.

Pingili peke yake haziwezi kusimama. Tazama chukudu iliyopakiwa vizuri: magunia sita yanakaa imara kwa sababu ya kamba. Kamba ikilegea, gunia la juu huteleza, na mzigo wote huanguka, ijapokuwa magunia yenyewe ni mazima. Misuli ya kiwiliwili ni kamba hizo. Mbele na kando iko misuli ya tumbo. Nyuma iko misuli midogo inayoshika pingili moja moja. Juu liko pazia la pumzi lililo chini ya mapafu. Chini iko misuli inayofunga nyonga. Yote ikikaza pamoja, kiuno huwa imara. Mmoja ukilegea, kazi yake huiangukia pingili na mto wake.

Katika nchi ya Uswidi, miaka ya 1960, daktari Alf Nachemson aliingiza sindano yenye kipimo katika mito hiyo ya watu walio hai, akapima jinsi inavyobanwa. Akaona ya kuwa mtu akikaa huku ameinama mbele, mto hubanwa zaidi kuliko akisimama wima. Akishika na mzigo, hubanwa zaidi tena. Hivyo tunafahamu kwa nini kuinama mbele na kujipinda kwa wakati mmoja, na mzigo mikononi, ndiko kunakoumiza watu wengi.

2. KWANZA CHUNGUZA: JE, HUU NI MGONGO WA KUPELEKWA HOSPITALI LEO?

Maumivu mengi ya kiuno hutoka katika misuli, mishipi ya viungo au mto wa pingili, nayo hupoa yenyewe katika majuma machache. Lakini yako maumivu mengine yasiyongoja. Usianze zoezi lo lote la somo hili kabla hujajiuliza maswali haya:

(a) Je, mkojo umezuia, au mkojo au choo kinatoka bila kujua? Je, mahali pa kukalia na katikati ya mapaja pamekufa ganzi? Hii ni hatari kubwa. Mishipa inabanwa. Nenda hospitali saa ile ile, hata kama ni usiku.

(b) Je, mguu mmoja au yote miwili inaishiwa nguvu, unyayo unakokota chini, au nguvu zinapungua siku kwa siku?

(c) Je, ulianguka kutoka juu, uligongwa na gari, au mzigo ulikuangukia? Pingili inaweza kuwa imevunjika. Mtu wa namna hii asiinuliwe kwa mikono na miguu kama gunia. Alazwe juu ya ubao, mwili umenyoka, kichwa kimeshikwa, ndipo achukuliwe.

(d) Je, una homa, umekonda, unatoka jasho usiku, na maumivu hayapungui hata ukilala? Je, kuna kinundu kinachoanza kuota mgongoni? Kifua kikuu hakikai kifuani tu. Kinaweza kula pingili za mgongo. Mganga Mwingereza Percivall Pott aliuandika ugonjwa huo tangu mwaka 1779, na mpaka leo unawalemaza watu wanaochelewa. Ukitambuliwa mapema, hupona kwa dawa. Vilevile iko homa ya brusela, inayopatikana kwa maziwa mabichi ya ng'ombe au mbuzi. Nayo huumiza mgongo na viungo. Katika nchi ya ng'ombe kama Masisi tusiisahau, na tuchemshe maziwa.

(e) Je, umepita majuma sita na hujaona nafuu?

Ikiwa umejibu “ndiyo” kwa swali moja, nenda ukapimwe kwanza. Na ikiwa mgongo wako ulivunjika au kupasuliwa, mazoezi yaliyo hapa chini yangoje ruhusa ya daktari, maana mfupa una wakati wake wa kuungana, nao hauharakishwi na mtu.

3. KULALA SANA SI DAWA

Zamani hata madaktari waliwalaza watu wenye maumivu ya kiuno majuma mengi. Sasa tumejifunza vingine. Mwaka 1995 waganga wa Helsinki, katika nchi ya Finland, walitangaza habari za wafanya kazi 186 wa mji ule walioumwa kiuno. Waliwagawanya katika mafungu matatu. Fungu la kwanza lililazwa kitandani siku mbili. La pili lilifanyishwa mazoezi ya mgongo. La tatu liliambiwa liendelee na shughuli za kila siku kadiri maumivu yanavyoruhusu. Ni nani waliopona upesi? Ni wale wa fungu la tatu.

Angalia sana mafundisho mawili yaliyomo. La kwanza: kulala kunachelewesha. Misuli isiyofanya kazi hupungua, na viungo hukauka kama ngozi iliyoachwa juani. La pili: siku za kwanza si wakati wa mazoezi ya nguvu. Kwanza tembea, mazoezi yatakuja maumivu makali yakipungua.

Tena usidhani uko peke yako. Shirika la Afya la Ulimwengu limehesabu ya kuwa mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno. Si aibu, si uvivu, wala si lazima iwe umerogwa.

4. SIKU ZA KWANZA

Maumivu yakiwa makali, lala chali chini juu ya mkeka, na uweke miguu yako, kuanzia magoti mpaka visigino, juu ya kigoda au gunia lililojaa, magoti yakiwa yamekunjwa. Kaa hivyo dakika kumi, ukivuta pumzi polepole mpaka tumbo liinuke. Kisha uinuke utembee dakika tano uwanjani. Fanya hivyo mara nyingi kwa siku kuliko kutembea mara moja kwa muda mrefu.

Jinsi ya kuinuka kitandani: usivute kichwa juu kama mtu anayeshtuka. Geuka kwanza ubavu, teremsha miguu chini, kisha jisukume kwa mikono mpaka ukae.

Kitambaa chenye maji ya moto, kisichounguza, hupoza misuli. Tembe za maumivu zinaweza kusaidia siku chache, kwa kipimo ulichopewa na mwuguzi. Lakini tembe hazijengi misuli. Tena nyingine kati ya hizo, kama diklofenaki na ibuprofeni, zikimezwa ovyo kwa siku nyingi huchubua tumbo na kudhuru figo. Mtu anayemeza tembe ili apate kusukuma mzigo siku ile ile ni kama dereva aliyevunja kioo cha kipimo ili asione mafuta yakiisha.

Na yule anayeshauri mtoto akanyage mgongo, mkatalie kwa upole. Hajui kama ndani kuna pingili iliyopasuka.

5. KURUDISHA WEPESI

Maumivu makali yakipungua, pengine baada ya siku chache au juma moja, anza mazoezi ya wepesi. Mahali ni mkeka tu, na wakati ni dakika kumi, asubuhi na jioni. Lakini asubuhi usianze mara tu baada ya kuamka. Usiku mito ya pingili hunywa maji na kuvimba; ndiyo sababu asubuhi kila mtu ni mrefu kidogo kuliko jioni. Mto uliojaa hubanwa upesi. Kwa hiyo saa moja au mbili za kwanza usiiname sana, wala usiinue mzigo.

Zoezi la kwanza: paka na ngamia. Piga magoti, mikono chini kama mtoto anayetambaa. Inua mgongo polepole kama paka aliyekasirika, kisha uuache ushuke taratibu. Usilazimishe mwisho wo wote. Mara 6 hadi 8.

Zoezi la pili: magoti kando. Lala chali, magoti yamekunjwa, nyayo chini. Yapeleke magoti yote mawili upande wa kuume kidogo, uyarudishe, kisha upande wa kushoto. Mara 10.

Zoezi la tatu: nyuma ya paja. Lala chali, pitisha kitenge chini ya unyayo mmoja, uinue mguu huo kwa kuuvuta polepole mpaka usikie mvuto nyuma ya paja. Hesabu 20, uushushe. Mara 3 kila mguu. Paja likiwa gumu, mtu akiinama hukunja kiuno badala ya nyonga.

Zoezi la nne: mbele ya nyonga. Weka goti moja chini juu ya nguo iliyokunjwa, unyayo wa mguu mwingine mbele. Kaza tako la upande wa goti lililo chini, sogeza mwili mbele kidogo, mgongo wima. Hesabu 20. Mara 3 kila upande. Zoezi hili linawafaa hasa watu wa baisikeli, ambao nyonga zao hukaa zimekunjwa saa nyingi.

Zoezi la tano: kuinama kwa nyonga. Simama, shika fimbo nyuma yako iguse mahali patatu: kisogo, mgongo wa juu, na mfupa wa matako. Rudisha matako nyuma, magoti yakikunjwa kidogo, ukiinama mbele bila fimbo kuacha mahali po pote pa hapo patatu. Hili ndilo fundisho kubwa kuliko yote. Mwenye kulijua ataokota gunia, bidoni na mtoto bila kuharibu kiuno.

Ishara ya kufuata ni hii. Maumivu yaliyokuwa yanashuka mguuni yakianza kurudi juu kuelekea kiunoni, ni dalili njema, ingawa kiuno chenyewe bado kinauma. Yakizidi kushuka mguuni, acha zoezi hilo.

6. KURUDISHA NGUVU

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Maumivu yakiisha, husema, “Nimepona,” nao hurudi kwenye mzigo. Lakini maumivu kwisha si nguvu kurudi. Katika Australia, Julie Hides na wenzake waliipima misuli midogo inayoshika pingili. Mwaka 1996 walionyesha ya kuwa misuli hiyo hupungua upande ulioumia, wala hairudi yenyewe hata maumivu yakiondoka. Mwaka 2001 walieleza kilichotokea baadaye. Kati ya watu waliozoezwa misuli hiyo, 30 kwa kila 100 waliumwa tena katika mwaka wa kwanza. Kati ya wale wasiozoezwa, waliumwa tena 84 kwa kila 100. Hesabu yao ilitoka katika kundi dogo la watu, lakini mafunzo yake yanafaa: kamba iliyolegea haijikazi yenyewe.

Mazoezi matatu ya kwanza hapa yalifundishwa na Stuart McGill, aliyekuwa mwalimu wa chuo kikuu cha Waterloo katika Kanada. Hayakunji sana mgongo, wala hayataki chombo cho chote.

La kwanza: kuinua kichwa. Lala chali, goti moja limekunjwa, mguu wa pili umenyoka. Weka viganja chini ya kiuno. Kaza tumbo kama mtu anayengoja kupigwa ngumi, kisha inua kichwa na mabega kidogo tu, kiasi cha kupitisha kitabu chini yake. Hesabu mpaka 8 au 10, huku ukiendelea kuvuta pumzi. Shuka.

La pili: daraja la ubavu. Lala ubavu, jiegemeze kwa kiko cha mkono, magoti yamekunjwa. Inua nyonga mpaka mwili unyoke kutoka magoti hata mabega. Hesabu 8 au 10. Fanya pande zote mbili. Ukipata nguvu, nyosha miguu.

La tatu: mkono na mguu. Piga magoti kama katika zoezi la paka. Nyosha mkono wa kuume mbele na mguu wa kushoto nyuma, kiuno kisipinde wala kuyumba. Ukiwekewa kikombe cha maji kiunoni, kisimwagike. Hesabu 8 au 10, kisha badili.

La nne: daraja la matako. Lala chali, magoti yamekunjwa. Kaza matako, inua nyonga, hesabu 5, shusha. Mara 10. Matako ndiyo misuli yenye nguvu nyingi mwilini. Yakilala usingizi, kiuno hufanya kazi yake.

Kila moja la mazoezi matatu ya kwanza lifanye mara 6, upumzike, mara 4, upumzike, mara 2. Usishike kwa hesabu ndefu kuliko 10. Ni afadhali kuongeza mara kuliko kuongeza muda. Fanya kila siku. Pamoja na hayo, tembea kwa haraka, mikono ikicheza, nusu saa kila siku. Kutembea ni zoezi la mgongo, nalo halilipiwi kitu.

7. KURUDI KATIKA CHUKUDU

Kwanza jipime. Je, waweza kutembea nusu saa bila maumivu kuongezeka? Je, waweza kuchuchumaa na kuinuka mara 10 bila kushika kitu? Je, waweza kubeba bidoni yenye lita 10, yaani kilo 10, kutoka mtoni hadi nyumbani, na kesho yake ukaamka vizuri? Ikiwa jibu ni “ndiyo” mara tatu, anza hivi:

Juma la kwanza: chukudu tupu, mahali tambarare, robo saa kwa siku, kisha nusu saa.
Juma la pili: robo ya mzigo uliozoea, njia fupi.
Juma la tatu na la nne: nusu ya mzigo.
Baadaye: ongeza kidogo kidogo kila juma. Mteremko mkali uwe wa mwisho kabisa, maana kuzuia mzigo unaoshuka ni kazi kubwa.

Kanuni ya kesho: maumivu kidogo wakati wa kazi, yanayokwisha usiku, si hatari. Lakini ukiamka kesho mgongo umezidi kuuma kuliko jana, rudi nyuma hatua moja kwa siku mbili au tatu. Usirudi kitandani, rudi katika hatua iliyotangulia.

Tena kumbuka mambo haya ya kazi yenyewe:

Badili goti. Mtu wa chukudu huweka goti moja juu ya ubao na kusukuma kwa mguu wa pili. Wengi husukuma kwa mguu ule ule maisha yao yote. Upande mmoja huwa wa chuma, upande wa pili huwa wa tope, na kiuno huvutwa katikati. Badili upande mara kwa mara njiani.

Usukani uwe wa kimo chako. Ukiwa mfupi mno, utainama siku nzima. Mwambie fundi aupandishe mpaka usukume mgongo wako ukiwa wima.

Mizigo mizito iwe chini na katikati ya magurudumu, ifungwe imara. Gunia lililo juu sana huyumba, na kila likiyumba ni kiuno chako kinacholirudisha.

Vaa mpira mzuri katika magurudumu, na utazame breki kabla ya mteremko, si katikati yake. Barabara ya kwetu imepita juu ya mawe ya moto ya zamani, kama yale ya Nyamulagira yaliyofika ziwani karibu na Sake katika mlipuko wa mwaka 1938 hadi 1940. Kila jiwe linalogonga gurudumu hugonga pia pingili.

Wakati wa kupanda, ombeni msaada. Watu wawili au watatu nyuma ya mzigo si udhaifu. Na wakati wa kupakia, usijipinde: sogeza nyayo zako, uelekee mahali unapoweka gunia.

8. KWA WENYE BAISIKELI

Panda baisikeli iliyosimamishwa, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu unyoke. Ukianza kusukuma kwa sehemu ya mbele ya unyayo, goti litakuwa limekunjwa kidogo, na hivyo ndivyo inavyofaa. Kiti kikiwa juu mno, nyonga huyumba kuume na kushoto; kikiwa chini mno, kiuno hukunjamana. Usukani usiwe mbali hata ujinyoshe kama mtu anayechota maji kisimani. Shuka kila nusu saa, usimame wima, weka viganja kiunoni na ujinyoshe nyuma kidogo mara 5. Mzigo ugawanywe sawa pande mbili. Anza na njia tambarare na mzigo mwepesi, kwa mpango ule ule wa majuma tulioutaja juu.

9. NYUMBANI MWA MGONJWA

Mgongo ulioumia ni shida ya nyumba nzima. Mke asimfanye mume kuwa mtoto, amletee kila kitu kitandani. Wala asimwambie, “Wewe ni mvivu,” kwa sababu jeraha halionekani. Ampe kazi ndogo: kuchambua maharagwe akiwa amekaa wima, kuwapeleka watoto shule kwa miguu. Mdogo wake akiikodisha chukudu, si kumnyang'anya kaka yake. Wapatane sehemu ya fedha iende katika karo, na chukudu irudi siku ya kurudi. Na wenzake wa njiani wakimwachia mizigo midogo katika majuma manne ya kwanza, wamemsaidia kuliko kumchangia franga za tembe. Maana hofu ya njaa ndiyo inayowarudisha watu kazini mapema, na kuwarudisha tena kitandani.

Mkanda au kitenge kilichofungwa kiunoni huweza kutuliza kidogo, lakini usikifanye kuwa misuli yako. Na pombe si dawa ya maumivu; inamwangusha mtu mara ya pili.

Turudi kwa yule baba wa Mushaki. Kama alifuata njia hii, siku ya tatu alitembea uwanjani; juma la pili alitambaa kama paka juu ya mkeka, watoto wake wakicheka na kumwiga; juma la tano alisukuma chukudu tupu mpaka njia panda na kurudi. Mwezi wa tatu alishuka tena na viazi, magunia machache kuliko zamani, na akabadili goti katika kila kona. Wenzake walimpita. Jioni wote walifika, naye alifunga viatu vyake mwenyewe.

MASWALI YA KUKUMBUKA SOMO

1. Pingili za mgongo zinazocheza ni ngapi, na ni nini kinachokaa katikati yake?
2. Taja dalili tatu zinazomtaka mtu wa mgongo aende hospitali bila kungoja.
3. Kwa nini kulala kitandani majuma mengi hakuponyi?
4. Kwa nini haifai kuinama sana mara tu baada ya kuamka?
5. Maumivu yameisha. Je, nguvu zimerudi? Eleza.
6. Onyesha mbele ya wenzako jinsi ya kuinama kwa nyonga, ukiwa na fimbo.
7. Mtu ameamka mgongo ukiuma kuliko jana. Afanye nini leo?
8. Katika nyumba yako au kanisa lako yuko nani aliyeumia mgongo? Ni kazi gani ndogo unayoweza kumpa, na ni mzigo gani unaoweza kumpunguzia juma hili?